Boriti Imekubali

"Usipepese macho, Afande," mtaalamu wa maabara alisema. "Ukipepesa tu, kilichokuleta hapa kitakupita."

Inspekta hakupepesa. Ndani ya kizimba cha vioo mbele yake, kipande cha chuma chembamba kama penseli kilikuwa kimebanwa juu na chini kwenye meno ya mashine, na mashine ilikuwa ikikivuta polepole, bila kelele wala pupa. Kipande hicho kilikatwa jana kutoka kwenye boriti ya karakana moja ya kuundia pampu. Siku nne kabla, boriti hiyo ilianguka pamoja na mzigo wa tani tano, ikamuua mwendesha winchi wa miaka thelathini na mmoja. Fundi aliyeifunga alikuwa mahabusu tangu jioni ya siku ile, na huyo fundi, maskini, ndiye baba mkwe wa marehemu. Leo saa nane mchana jalada lake lilitakiwa kufika kwa mwendesha mashtaka. Kosa lilikwisha kuandikwa: kuua bila kukusudia, kwa uzembe kazini. Saa ya ukutani ilisema mbili na nusu asubuhi.

Kituoni Inspekta huyo aliitwa Futikamba, kwa sababu alikuwa mwanamke asiyeamini kitu asichokipima. Wenzake walidhani halijui jina hilo, naye hakuona haja ya kuwaharibia starehe. Nyuma yake alisimama Koplo wake, mtu mzima mwenye wajukuu wawili na haraka ya mtu asiye na hata mmoja.

"Sasa nakiachia," mtaalamu alisema.

Akabonyeza kitufe. Kwenye karatasi ya mashine mstari uliokuwa ukipanda ulirudi chini kwa njia ileile uliyopandia, ukatua kwenye sifuri.

"Kimerudi," Futikamba alisema.

"Kimerudi chote, kama hakijaguswa. Sasa tazama tena."

Mashine ikavuta kwa mara ya pili. Mstari ukapanda, ukapanda, kisha ghafla ukajikwaa. Haukuvunjika, ulijikwaa tu, ukalala kidogo upande, kisha ukaendelea. Mtaalamu akakiachia tena. Safari hii mstari ulishuka, lakini haukufika nyumbani. Ulitua pembeni ya sifuri.

"Hakikurudi."

"Sehemu imerudi, sehemu imebaki huko. Kimerefuka kwa unene wa unywele. Ukikitoa ukakiweka mezani, wewe na mimi tutaapa ni kilekile. Si kilekile tena."

"Lakini hakijakatika," Koplo alisema.

"Bado sana. Hapo ndipo watu wanapojidanganya, Koplo. Wanadhani chuma kina kifo kimoja tu, cha kukatika. Kumbe boriti huwa imekwisha kazi yake zamani, siku ile inapoacha kurudi."

Mara ya tatu hakukiachia. Kipande kikavutika, kikakonda katikati kama shingo ya chupa, kisha kikalia paa! hata Koplo akaruka. Mtaalamu akasoma namba bila kuvua miwani.

"Kiliacha kurudi kwenye mia moja tisini na tano. Kimekatika kwenye mia tatu na sabini. Hizo ni niutoni kwa kila milimita moja ya mraba. Nimevuta vipande vinne, vyote vimesema hivyohivyo."

"Na pale palipochomelewa?" Koplo aliuliza. Alikuwa ameshalipenda jibu lake tangu siku ya kwanza: fundi alichomelea vibaya, kiungo kikaachia, basi.

"Pale nimepakata vipande sita nikapapiga picha. Hakuna tundu, hakuna ufa. Aliyechomelea pale apewe maua yake. Boriti ilipinda katikati, ikavuta ncha zake zikachomoka kwenye viti, vyuma ilivyokalia. Viungo vya fundi viko vizima hadi sasa."

Koplo akafunga daftari lake taratibu. Futikamba aliomba zile namba mbili ziandikwe kwenye karatasi moja, ziwekwe muhuri.

* * *

Karakana ilikuwa inafanya kazi nusunusu, kama nyumba yenye msiba inavyopika kwa sababu watu lazima wale. Karibu na lango wanaume wawili walikuwa wanakunja nondo kwa bomba refu. Mmoja alisukuma, mwenzake alitazama pembe.

"Ongeza. Inarudi hiyo."

"Nimeongeza."

"Bado inarudi. Ongeza... haya, imekubali. Lete nyingine. Samaki hukunjwa mbichi, nondo hukunjwa baridi."

Hakuna aliyecheka. Futikamba akawapita, akaenda moja kwa moja palipozungushiwa kamba ya polisi. Boriti ilikuwa bado sakafuni, imepinda kama mgongo wa mtu aliyebeba gunia. Akachuchumaa kwenye ncha moja. Pale kwenye bolti ya mwisho palikuwa na uzi mnene wa bluu, umepakwa nta, umefungwa fundo la makini. Akazunguka hadi ncha ya pili. Uzi uleule, fundo lilelile, umekatikia hapo.

"Takataka hiyo, Afande," Koplo alisema. "Niliiona siku ile."

"Takataka haifungwi fundo mara mbili, Koplo. Leta bahasha."

Ofisi ya mhandisi ilikuwa ghorofani, na dirisha lake lilitazama ndani ya karakana yote. Mhandisi alikuwa kijana nadhifu ambaye hakuwa amelala, na hakujaribu kuficha. Aliwakaribisha viti, akasahau kukaa yeye mwenyewe.

"Mahesabu ya boriti," Futikamba alisema.

Aliyaleta. Karatasi tatu, mwandiko mzuri. Kwenye ya kwanza, mstari wa pili, paliandikwa: Nguvu ya chuma, 370.

"Nguvu ipi?"

"Nguvu ya chuma, Afande."

"Nimesoma. Nauliza nguvu ipi. Cheti kilichokuja na chuma hiki unacho?"

Alikuwa nacho, na alikitoa bila kusita. Futikamba akakiweka mezani kando ya karatasi ya maabara. Cheti kilikuwa na mistari miwili. Wa juu ulisema mia moja tisini na tano, wa chini mia tatu na sabini.

"Maabara inaniambia namba ya juu ni pale chuma kinapoacha kurudi. Ya chini ni pale kinapokatika. Wewe umeandika moja tu, ukaiita nguvu. Nguvu ipi, Mhandisi?"

Mhandisi alisoma cheti mara mbili. Kisha akapapasa kiti, akakaa.

"Ya chini," alisema. "Nilichukua ya chini. Boriti ilikuwa tayari ipo ghalani, kazi ilikuwa inatusukuma... Nikaandika nguvu. Mungu wangu! Nikaendelea na hesabu."

"Kwa hiyo ulipima boriti kwa siku ya kufa kwake."

"Lakini kulikuwa na jaribio!" Akainuka tena, akashika daftari la kazi kwa mikono miwili. "Nilimwagiza fundi aijaribu kwanza. Tani tatu, ashushe, aangalie. Ikiwa sawa, ndipo tani tano. Angesema haifai nisingenyanyua hata ndoo. Someni wenyewe. Hapa, saa tatu na dakika arobaini: 'Ujumbe kutoka kwa fundi. Boriti imekubali.' Nikaidhinisha."

"Ujumbe ulikujaje?"

"Aliuleta mwendesha winchi. Marehemu. Alisimama hapo mlangoni mnapomwona Koplo, anatabasamu, akasema, 'Mzee kasema imekubali.' Nikamwambia haya, pandisheni."

Koplo akasogea kutoka mlangoni. Futikamba alikuwa anasoma chini ya maandishi yale.

"Hapa kuna sahihi yako. 'Nimeikagua boriti kwa macho yangu.' Uliikagua?"

"Ndiyo."

"Ulipanda ngazi?"

"Nilipanda."

"Ile ngazi ya chuma, kuna kidato kimoja kimekatika, kimefungwa kwa waya. Cha ngapi?"

Mhandisi akatazama dirishani, kule chini, lakini ngazi haikuonekana kutoka pale alipokuwa.

"Cha... tatu?"

"Vidato vyote ni vizima. Nilivihesabu nilipoingia. Kumi na vinne."

Chini, mtu alidondosha bomba sakafuni na mwangwi ukazunguka karakana nzima. Mhandisi akafuta uso kwa kiganja.

"Fundi yule ana miaka arobaini kwenye vyuma," alisema kwa sauti ya chini. "Akisema imekubali, mimi ni nani nipande kuhakikisha?"

"Wewe ni mhandisi," Futikamba alijibu, akakusanya karatasi zake.

Kwenye ngazi za kushukia Koplo alikuwa amepata nguvu tena. "Kwa hiyo wote wawili, Afande. Huyu kakosea hesabu, na mzee kapitisha jaribio. Mzee mwenyewe alikiri."

"Alisema maneno gani? Usinipe muhtasari wako."

"Mimi niliandika 'mtuhumiwa alikiri kuipitisha boriti'. Yeye alisema 'imekubali', halafu basi. Si unajua wanamwita Neno-Moja? Nilikaa naye masaa mawili, nikatoka na neno moja. Ila si ni kitu kilekile, Afande?"

Walikuwa wamefika ghalani. Mtunza ghala, mwanamama mwenye kalamu sikioni, aliwafungulia daftari la kutolea vifaa kabla hata ya kuombwa. Alikuwa amengoja siku nne mtu amuulize.

"Huyo mzee mnamwonea," alisema. "Tazama mstari huu."

Siku ya ajali, saa nne kasorobo asubuhi. Boriti moja, nzito zaidi, futi kumi na nane. Sababu ya kutolewa: kubadilishia. Sahihi ya fundi, yenye herufi kubwa za mtu asiyependa kuandika.

"Ajali ilikuwa saa nne na robo," Koplo alisema.

"Alikuwa hapa hapa na mimi tunatafuta kigari cha kuibebea. Tukasikia mshindo. Alikimbia, jamani! Mzee wa miaka sitini na minne, alikimbia kama mtoto."

Futikamba akasimama na daftari mkononi. Mtu anapitisha boriti saa tatu na dakika arobaini. Dakika tano baadaye anakwenda ghalani kuchukua nyingine ya kuibadilisha. Ama mzee ana wazimu, ama kuna kitu hakikupimwa. Akatoka nje akitembea polepole, na kule langoni wale wawili walikuwa bado na nondo zao.

"Inarudi. Ongeza kidogo."

"Sasa?"

"Imekubali. Itoe."

Futikamba akageuka.

"Umesemaje?"

Yule mkunjaji akashusha bomba. "Nimemwambia aitoe, Mama."

"Kabla ya hapo."

"Imekubali?" Akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Ah, hiyo ni lugha yetu ya kazini. Chuma ukikikunja kidogo kinarudi, kinakubishia. Unaongeza, kinabisha. Ukifika mahali kinaacha kubisha, hakirudi tena, ndiyo tunasema kimekubali. Kimepinda jumla."

"Na boriti ya winchi? Ikikubali?"

Tabasamu lilimtoka usoni polepole, akamtazama mwenzake, na mwenzake akatazama sakafu.

"Boriti haitakiwi kukubali, Mama," alisema. "Boriti ikikubali, unashusha mzigo na unaondoa watu."

"Mlijua fundi alituma neno hilo?"

"Sisi tuliambiwa fundi kaipitisha. Neno lenyewe hakuna aliyetuambia."

Koplo alikuwa amesimama na mdomo wazi. Alitoa daftari lake, akatafuta ukurasa wa siku ile, akausoma, akalirudisha mfukoni. Aibu ilimshika hasa.

* * *

Mzee Neno-Moja aliletwa kwenye chumba cha mahojiano saa tano na robo. Alikuwa mrefu, mkavu, mikono imejaa makovu madogo ya cheche. Aliamkiwa "Shikamoo", akaitikia "Marahaba", na hapo mazungumzo yake ya hiari yakaisha.

Futikamba akaweka bahasha mezani, akautoa uzi wa bluu.

"Uliufunga ncha hadi ncha, ukaukaza. Ukapandisha tani tatu, ukashusha. Boriti ikabaki imeachana na uzi. Kiasi gani?"

Mzee akautazama uzi muda mrefu. Kisha akainua kidole gumba na cha shahada, akaviacha vikaribiane.

"Unene wa sarafu mbili," Futikamba alisema. Mzee akatikisa kichwa kukubali. "Ukajua haifai. Ukatuma neno kwa mhandisi, ukaenda ghalani kuchukua nyingine. Kwa nini hukumweleza Koplo hivi?"

"Nilisema."

"Ulisema imekubali! Mzee wangu, nani asiye fundi atalielewa hilo? Unakwenda gerezani kwa neno unaloweza kulifafanua kwa pumzi moja."

Futikamba alikuwa ameshawahoji wezi, wauaji, na wake wenza wawili waliotaka kufungana, na wote walikuwa wepesi kuliko mzee huyu. Akabadilisha swali.

"Nani alilipeleka neno ofisini?"

Mkono wa mzee ukaanza kuusogeza uzi, akaukunja, akaukunjua.

"Mhandisi ameniambia," alisema Futikamba kwa upole. "Najua ni nani."

"Basi iache."

"Siwezi. Mwendesha mashtaka atauliza: fundi alisema haifai, mhandisi akasikia inafaa, nani alikuwa katikati? Nikinyamaza, atasema umetunga maana mpya ya neno ukiwa ndani."

Mzee akainua uso. Macho yalikuwa mekundu, ila makavu.

"Alikuwa wa winchi," alisema. "Hakuwa wa chuma. Miezi saba tu kwangu. Alidhani nimesifu." Akameza mate. "Ndiye aliyelipeleka, ndiye aliyesimama chini. Marehemu hana mdomo wa kujitetea, Afande. Na binti yangu anamlilia. Mwache amlilie akiwa mzima, bila doa. Mimi nimekwisha kuwa mzee. Nifungeni."

Koplo baadaye alisema hakuwahi kusikia maneno mengi hivyo kutoka kwa mtu yule, na kwamba angetoa mshahara wa mwezi asiyasikie. Futikamba akaunyoosha uzi juu ya meza.

"Binti yako anasemaje juu yako?"

"Hajaja." Akautazama mlango. "Ameambiwa mimi ndiye niliyeipitisha."

"Na wewe unataka aendelee kuamini hivyo."

"Ndiyo."

"Uzi huu ni wa kushonea maturubai. Binti yako anashona maturubai. Lazima nimwulize kama ni wake."

Hapo mzee alisimama hata kiti kikaanguka.

"Usiende kwa binti yangu!"

Sauti yake ilisikika hadi kaunta. Futikamba akakiokota kiti mwenyewe, akakisimamisha. Saa ilikuwa sita kasoro dakika tano.

* * *

Chumba cha kushonea kilikuwa nyuma ya nyumba, kimejaa turubai la kijani lililokunjuliwa sakafu nzima. Binti alikuwa amekaa nyuma ya cherehani kubwa ya turubai, kanga nyeusi mabegani. Alikuwa anashona. Kinamama wawili wa msiba waliokaa mlangoni walisema wamemkataza tangu asubuhi, hasikii.

"Mikono ikikaa bure nawaza," alieleza bila kuinua uso. "Karibuni. Kaeni popote, ila msikanyage mshono."

"Pole sana, mwanangu," Futikamba alisema. Akautoa uzi. "Huu unaujua?"

"Wangu. Baba huja kuuchukua, anasema wa dukani unavutika." Akaugusa, akauacha. "Mmeukuta wapi?"

"Kwenye boriti. Aliufunga kupima kama imepinda."

"Alipima halafu akaipitisha." Mguu wake ukakanyaga pedali, cherehani ikanguruma, ikanyamaza. "Afande, mimi sina la kusema juu ya baba. Alinizaa, akanilea peke yake, na akaniulia mume. Niacheni."

Koplo akamtazama mkuu wake. Kazi ya uzi ilikuwa imekwisha. Alikuwa na sahihi moja tu ya kuchukua, na wangeweza kuondoka. Futikamba aliinuka kweli. Alifika hadi mlangoni. Alikuwa amejiapia njiani kwamba hatalifungua jambo lile kama halijafunguliwa na mwenyewe.

"Alisemaje?" binti aliuliza nyuma yake.

"Nani?"

"Baba. Siku ile. Watu wote wananiambia 'aliipitisha, aliipitisha'. Baba hana maneno marefu hivyo. Alisema neno gani hasa?"

Futikamba akageuka. Kudanganya angeweza, alikuwa amedanganya watu wabaya mara nyingi na kulala usingizi.

"Alisema imekubali."

Mikono ya binti ikasimama juu ya turubai. Aliishi ndani ya karakana ya baba yake tangu akiwa wa kubebwa. Alijifunza kuhesabu kwa bolti. Futikamba aliona neno likiingia.

"Imekubali," binti alirudia. "Boriti?"

"Boriti."

"Lakini hiyo ni..." Akasimama. "Baba hasemi hivyo kwa kitu kizima! Kitu kizima anasema 'inabisha'. Hata mimi nikiwa mkaidi alikuwa ananisifu, 'huyu anabisha, huyu mzima'. Aliwaambia wasipandishe! Aliwaambia!" Machozi yakaanza, na nyuma yake kitu kilichokaribia kuwa furaha. "Baba yangu hakuipitisha. Sasa kwa nini walipandisha? Nani alimwambia mhandisi?"

Koplo alikuwa anasoma chapa ya cherehani kwa bidii.

"Siku ya jaribio wanapanda wawili," binti alisema polepole. "Baba na..."

Akakaa. Kinamama mlangoni wakainuka, Futikamba akawapa ishara wabaki.

"Alikuwa anatabasamu," Futikamba alisema. "Mhandisi ameniambia. Alilisema kwa furaha."

"Alifurahi kwamba baba amemtuma." Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. "Alikuwa anamwogopa baba, Afande. Kila jioni ananiuliza, mzee akisema hivi ana maana gani, akisema vile ana maana gani. Na mimi nilimwambiaje? Nilimwambia usimwulize baba mara mbili, atakuona huna akili. Akisema kitu, wewe nenda kafanye. Nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu huu."

Kujikwaa ulimi, wanasema, kubaya kuliko kujikwaa dole. Lakini hapa hakuna hata aliyejikwaa. Kila mmoja alisema neno sahihi kwa namna yake. Futikamba alipiga magoti kwenye turubai, pembeni ya mshono, akamshika mkono, na kwa muda mrefu hawakufanya lolote la kipolisi.

"Baba anajua?" binti aliuliza hatimaye.

"Anajua tangu siku ya kwanza."

"Na amenyamaza kwa ajili yangu."

"Anasema umlilie mumeo akiwa mzima."

Binti akajifuta uso kwa pembe ya kanga. Akakata uzi wa cherehani kwa meno, kama mtu anayefunga kazi ya siku.

"Andika, Afande. Andika maana ya neno, na jina la mume wangu liwemo. Ila liandike vizuri. Andika kwamba alilifikisha neno kama alivyopewa. Hakupunguza, hakuongeza."

Koplo ndiye aliyeandika. Safari hii hakufanya muhtasari. Alimsomea yote, neno kwa neno, na alipofika kwenye mstari ule wa mwisho ilibidi aanze upya.

* * *

Saa nane kasoro dakika kumi jalada lilitoka kituoni. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya maabara yenye namba mbili, cheti chenye mistari miwili, mahesabu yenye namba moja, ukurasa wa ghala, uzi wa bluu ndani ya bahasha, na maelezo ya wakunja nondo na ya binti. Jina la mtuhumiwa juu ya jalada lilikuwa limefutwa kwa mstari mmoja, na chini yake limeandikwa la mhandisi, kwa kuchukua namba ya kukatika badala ya namba ya kuacha kurudi, na kwa kusaini alichokuwa hajakiona.

Mzee alifunguliwa dakika chache baadaye. Alitoka akiwa ameshika kofia yake na mkanda wake, akamkuta binti yake amekaa kwenye benchi la kaunta, na akajua papo hapo. Alimtupia Futikamba jicho ambalo halikuwa la shukrani hata kidogo. Futikamba akalipokea, lilikuwa haki yake.

"Mama," mzee alimwita binti yake.

"Nimejua, baba. Yote."

Mzee akajifunika uso kwa kofia. Mabega yake, yaliyokuwa yamebeba vyuma miaka arobaini, yalianza kutikisika, na hakuna askari hata mmoja aliyeinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake.

"Hakukuuliza," binti alisema. "Nilimkataza mimi kukuuliza."

Kofia ikatikisika: hapana, hapana. Binti akamsogelea, akaushika mkono wenye makovu, akaushusha taratibu mpaka uso wa mzee ukaonekana.

"Siku nyingine, baba," alisema, "sema maneno mawili."

Koplo pale kaunta aliacha kuandika.

"Nitasema, mwanangu," mzee alisema.